Bureve ya Sabuni

Mama yangu alikuwa anapika sabuni nyuma ya nyumba yetu Kasongo, katika mtaa wa Waislamu, na wala haikuwa habari ya kumsimulia mtu. Kila mtaa ulikuwa na mwanamke wake wa sabuni, kama ulivyokuwa na mwanamke wake wa kusuka nywele. Unachoma maganda ya ndizi na mashina ya mipapai mpaka yawe majivu meupe, unayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, unayamwagia maji. Maji yanayodondoka ni makali, yana rangi ya chai. Unayachemsha pamoja na mafuta ya mawese, unakoroga mpaka mkono ukuume, na yakishapoa unakata vipande vyeusi vyenye harufu ya moshi. Mama alifundishwa na mama yake, Mbangubangu wa kijiji cha Wamaza, naye alifundishwa na wakubwa wake. Baba yangu alikuwa ameshakufa. Mimi niliolewa, sikuzaa, nikarudishwa. Basi tulikuwa wanawake wawili na chungu chetu, na tulikuwa tunakula.

Wakati Wazungu walipokuwa wanapigana kwao, sabuni ya Ulaya ilikatika. Kulikuwa na Mzungu mmoja mwenye duka karibu na soko. Zamani alikuwa anaicheka sabuni yetu, akisema inanuka kama nyama ya moshi. Sasa akaanza kumtuma mpishi wake kuinunua. Baadaye akaja mwenyewe, kofia mkononi, akasimama uani kwetu.

"Mama, minaomba kuona unavyoifanya," alisema.

Mama alimpa kiti, akamtengenezea kahawa. Hakuona ubaya wowote. Ni kama mtu ameomba kuona unavyosonga ugali.

Mzungu alikuwa mdadisi. Aliuliza kama ni lazima maganda ya ndizi. Mama akajibu hapana, majivu yoyote yanafaa, ila mengine iko na nguvu kidogo. Aliuliza kama ni lazima mawese. Mama akasema hata mafuta ya karanga, hata ya ng'ombe. Aliuliza kama ni lazima chungu cha udongo. Mama akacheka.

"Bwana, hata ukiwa na pipa. Sabuni haichagui nyumba."

Mzungu alimshukuru vizuri. Siku chache baadaye alimletea kitambaa cha buluu, na mama akakivaa Idi.

Mwaka haukuisha. Siku moja ya soko karani wa teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, alipiga kengele katikati ya wauza mihogo na wauza samaki. Alikuwa kijana wa pale pale Kasongo, aliyesomeshwa na mapadri, na tulimjua tangu alipokuwa anatembea bila shati. Alisoma kwa Kifaransa kwanza, kisha akatugeuzia. Alisema serikali imempa yule Bwana wa duka bureve.

"Bureve iko nini?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Ni karatasi inayosema kitu fulani kimetoka kichwani mwa mutu fulani. Na watu wengine wote hawana ruhusa ya kukifanya, ila yeye akubali."

"Na kitu gani kimetoka kichwani mwake?"

Karani aliangalia karatasi yake. "Kutengeneza sabuni kwa majivu ya mti wowote au jani lolote, pamoja na mafuta yoyote ya mmea au ya mnyama, katika chombo chochote, juu ya moto wa namna yoyote."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na bakuli lake la unga, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo. Nilielewa kwamba anayasikia majibu yake mwenyewe. Majivu yoyote. Mafuta yoyote. Hata pipa. Kila alichomjibu yule mgeni kwa kahawa kilikuwa kimeingia mle, na sasa kilikuwa kinasomwa sokoni kama akili ya mtu mwingine.

Mzee mmoja muuza tumbako aliguta kwa kicheko. "Na moto je? Nao umetoka kichwani mwake? Kesho atatukataza kuchemsha maji!"

Soko zima likacheka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Karani peke yake hakucheka. Alikunja karatasi, akaenda zake.

Vyungu vilianza kuvunjwa juma lililofuata. Yule Mzungu alikuwa na kapita wake, msimamizi wa kazi zake, mtu mwenye jicho moja bovu, na alipewa polisi wa kutembea naye. Waliingia nyua za watu bila kubisha hodi. Walimkuta jirani yetu, mke wa mshona viatu, akikoroga. Sheria haikuruhusu mwanamke apigwe fimbo, basi walimchukua mume wake. Alilazwa chini mbele ya ofisi ya teritwari, suruali imeshushwa, watu wakiitwa waje watazame. Alirudi akitembea kama mtu aliyebeba mtungi katikati ya mapaja. Jioni hiyo alimpiga mke wake kwa kila fimbo aliyopigwa yeye, na sisi tulisikia kupitia ukuta, na hakuna aliyekwenda kugonga mlango.

Ubaya wa karatasi ile ulikuwa kwamba hakuna nyumba iliyokuwa nje yake. Nani hana majivu jikoni? Nani hana chupa ya mawese? Kapita alikuwa akivikuta viwili hivyo karibu karibu anasema, hapa panatengenezwa sabuni, na tayari ni kesi. Tukaanza kumwaga majivu mbali, porini, kabla hayajapoa, na watoto waliungua miguu wakikimbia huko. Halafu watu wakagundua kwamba karatasi ya Mzungu inaweza kuwafaa na wao. Mke mkubwa wa muuza chumvi alikuwa hamtaki mke mwenzake mdogo, mwenye mimba. Akamimina majivu kwenye chungu cha yule mdogo, akaweka mawese pembeni, akaenda kumwita kapita. Yule mdogo akatiwa buloko, gerezani, mimba ikaharibika huko, mtoto akazaliwa amekufa. Nilimkuta mke mkubwa kisimani akichota maji, amejipaka wanja, akanisalimia vizuri kabisa.

Na sabuni ya duka? Yule Mzungu hakupika kwa majivu hata siku moja. Majivu yanataka subira. Alikuwa anapata makopo ya soda kali, dawa inayounguza ngozi, kutoka migodini, anaikoroga na mawese katika mapipa, ndani ya banda lake. Bureve ilikuwa ya kutuzuia sisi tu. Na kwa kuwa hapakuwa tena na sabuni nyingine, haikumlazimu iwe nzuri. Ilichubua mikono. Watoto wachanga walitoka ngozi mapajani. Wanawake wanaoosha maiti walimwendea kumwambia kwamba sabuni yake inaondoa ngozi ya marehemu, wanaona haya mbele ya wafiwa.

"Marehemu mwenyewe amelalamika?" aliwauliza, na kapita akacheka sana, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yake.

Kwetu walikuja asubuhi. Mama alikuwa hapiki tangu siku ya kengele, lakini chungu kilichotobolewa kilikuwa bado kipo, kimefunikwa na mkeka. Polisi alikipiga teke. Mama aliambiwa afike tribunali, mahakama ya teritwari, akapewa siku ya mbele, kwa kuwa bwana mkubwa, Mzungu mkuu wa teritwari, alikuwa safarini.

Ni yule karani aliyenipa tumaini. Alinikuta njiani, akaangalia huku na huku, akaniambia, "Dada, ile karatasi hutolewa hivi hivi. Anayeomba anapewa, hakuna anayeuliza kama kitu ni kipya. Lakini ikionekana kwamba watu walikuwa wanakijua tangu zamani, karatasi inaanguka. Minasoma hivyo kwenye kitabu chao wenyewe."

"Tangu zamani? Mbona kila mtu anajua!"

"Basi waje waseme. Wakubwa. Watu wa mbali, wasiokuwa jamaa zenu."

Nilitoka kesho yake kwa miguu. Nilikwenda Kabambare kwanza, nikalala kwa watu nisiowajua, nikawaeleza wanawake wa sabuni wa huko. Wengine walinifukuza. Wengine walisema, hii inatuhusu, leo Kasongo, kesho itakuwa hapa. Wanne walikubali. Wawili walikuwa Wakristo wenye misalaba shingoni, mmoja alikuwa mke wa mwalimu wa msikiti. Wa nne alikuwa hana meno na aliongea Kibangubangu tu. Kisha, ingawa karani alitaka wasio jamaa, nikakata njia kwenda Wamaza kwa bibi yangu, mama wa mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha.

Bibi alikuwa ameshapinda mgongo, lakini bado alikuwa anapika sabuni. Mjomba wangu hakutaka aende. Alisema Kasongo ni mji wa kufunga watu, na mama yake hajawahi kuonekana mbele ya Mzungu.

"Binti yangu anaitwa mwizi," bibi alimjibu. "Mwizi wa kitu nilichompa mimi. Unataka nikae hapa nichambue majani ya sombe?"

Alifunga kipande cha sabuni yake kwenye nguo ili amwonyeshe hakimu. Njiani alikuwa anachoka, tunamkalisha, anainuka. Hakulalamika. Alinifundisha majina ya miti ambayo majivu yake ni makali na ambayo hayafai, akiinyooshea fimbo yake ya kutembelea, na nilikuwa na furaha. Siwezi kusema vingine. Nilikuwa natembea na wakubwa nyuma yangu na haki mbele yangu, na nilidhani ndivyo ushindi unavyokuwa.

Tribunali ilikuwa ni baraza ya ofisi, na meza. Hakimu alikuwa ni bwana mkubwa wa teritwari mwenyewe. Mzungu wa duka alikaa pembeni kwenye kiti, miguu ameinyoosha. Karani alikuwa anageuza maneno. Mama alisimama mbele, na sisi sote nyuma yake.

"Mwanamke huyu anasema nini?" hakimu aliuliza.

Mama alisema kwamba sabuni ya majivu haikutoka kichwani mwa mtu yeyote, na kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha yule Bwana, uani kwake, akamkalisha kwenye kiti chake. Alisema ana mashahidi.

Hakimu alikubali kuwasikia. Aliwasikia wote, kwa utulivu mwingi, na alikuwa anaandika. Mke wa mwalimu alisema anapika sabuni tangu alipoolewa. Hakimu akamuuliza anauza wapi, naye akajibu. Wakristo wawili walisema hivyo hivyo. Yule asiye na meno alieleza kazi yote toka mwanzo, akionyesha kwa mikono, na karani alipata shida kumgeuza. Hakimu aliuliza swali moja kila mara, kwa upole: "Na mwaka huu pia umetengeneza?" Walijibu ndiyo, wakijivuna, kwa kuwa walidhani hicho ndicho kinachotakiwa. Nilianza kuona karani anavyotokwa na jasho. Aligeuza swali lile la mwisho kwa sauti ndogo, akimwangalia bibi yangu kama anayemwomba asijibu.

Bibi alifungua nguo yake, akaweka sabuni mezani. "Hii hapa. Minaipika mwezi uliopita. Nusa, Bwana."

Hakimu hakunusa. Aliisukuma kidogo kwa kalamu, akaiweka upande wa Mzungu wa duka.

Kisha akasema, na karani akageuza. Alisema tribunali hii ni ndogo, haina nguvu ya kuvunja bureve. Anayetaka kuivunja aende kwenye tribunali kubwa, huko mbali, na wakili wake. Mpaka siku hiyo bureve inasimama. Hapa yeye anaulizwa jambo moja tu: nani ametengeneza sabuni bila ruhusa ya mwenye bureve? Alikuwa ameletewa mwanamke mmoja. Sasa anaona kwamba wako sita, na watano kati yao wamekiri kwa midomo yao bila kulazimishwa.

"Na wewe uliyewaleta," aliniambia, "wewe hutengenezi?"

Mama aligeuka, akanitazama. Nilisema natengeneza. Tukawa saba.

Mzungu wa duka alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mke wa mwalimu aliuliza mara mbili, "Amesema nini? Tumeshinda?" Polisi akamshika mkono.

Buloko ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha juu. Lakini hatukukaa humo mchana. Wafungwa walikuwa wanatolewa kufanya kazi, na yule Mzungu aliomba apewe sisi. Alisema wafungwa hawa iko na ufundi. Akapewa. Basi kila asubuhi tulipelekwa bandani kwake kukoroga mapipa ya soda, na kapita alikaa mlangoni akituita walimu. "Walimu, korogeni!" Tulikoroga kile tulichofungwa kwa kukijua. Moshi wa soda ulitukata koo. Yule asiye na meno alikuwa anakohoa damu kwenye kanga yake, kisha anaikunja ili upande safi uwe nje.

Mama hakusema nami. Hata neno moja. Alikuwa anampa bibi sehemu ya chakula chake, mimi ananipita kama nguzo.

Siku ya bibi haikuwa tofauti na nyingine. Kapita alimwambia apande juu ya tofali amimine soda kwenye pipa lililokuwa linachemka. Nilisema, nitamimina mimi. Akanijibu, wewe una pipa lako. Bibi alimimina, kopo likamponyoka, soda yote ikaanguka kwa mara moja, na pipa likapanda. Lilimpata usoni na kifuani.

Nimesikia watu wakilia maishani mwangu. Ile haikuwa kulia. Mama alimmwagia maji, na tulipomfuta, kitambaa kiliondoka na kitu ambacho hakikuwa sabuni. Mzungu wa duka alikuja mbio aliposikia kelele. Alilitazama pipa kwanza.

"Mumeniharibia yote," alisema. "Yote haya yatamwagwa."

Kisha akamwona bibi, akasema apelekwe kwa masista wa misheni, akarudi dukani, kwa kuwa kulikuwa na mteja. Bibi aliishi kidogo kwa masista, bila macho. Alikuwa anauliza kama ameshapewa ruhusa ya kurudi Wamaza. Alikufa bado yuko mfungwa, na polisi alihudhuria maziko kwa sababu jina lake lilikuwa halijatolewa kwenye daftari la wafungwa.

Tulipofunguliwa, mjomba alikuwa ametufuata toka Wamaza. Alinikuta uani. Nilipiga magoti kumpa pole, akakataa mkono wangu.

"Ulimfuata mama yangu jikoni kwake," alisema. "Ulimtoa kwa miguu yake mwenyewe."

"Mjomba, siyo mimi niliyeandika ile karatasi."

"Ungekuwa huwezi kutembea, angekuwa hai."

Nilimgeukia mama. Alikuwa kwenye ngazi ya mlango, anasikia kila kitu. Alichukua ufagio, akaanza kufagia pale ambapo chungu kilikuwa kinakaa, palipokuwa safi tayari.

Vita vya Wazungu viliisha, na sabuni ya Ulaya ikarudi, nyeupe, yenye harufu ya maua, katika makasha. Hakuna aliyetaka tena sabuni ya banda. Mzungu wa duka aliuza mali yake akahamia Bukavu. Hakuna aliyeivunja bureve yake. Iliachwa tu. Lakini hakuna aliyerudi kupika. Wanawake wadogo hawakujifunza, wakubwa waliogopa au walikufa, na yule mke wa mwalimu, aliporudi Kabambare, aliwakataza binti zake hata kuhifadhi majivu. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulikaa nyumba moja. Tuliongea habari za mihogo, za mvua, za jirani. Habari ya bibi hatukuiongea mpaka siku nilipomfumba mama macho.

Karibu na uhuru alipita Kasongo mwanasheria Mbelgiji, kijana, aliyekuwa anakusanya habari za kesi za zamani. Karani wetu, ambaye sasa alikuwa na mvi, alimleta kwangu. Nilimsimulia kama ninavyosimulia hapa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeonyeshwa hesabu rahisi.

"Lakini ile bureve ilikuwa haina thamani," alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Tangu siku ya kwanza. Sabuni ya majivu! Dunia nzima inaijua, hata babu zangu mimi. Wakili yeyote angeiangusha asubuhi moja."

Nilimuuliza wakili huyo alikuwa anakaa wapi.

Alitaja mji ambao sijaufika mpaka leo. Kisha akaomba maji ya kunywa, nikampa, akanywa, na yaliyobaki akanawia mikono.